Mlinganyo Niliousawazisha

Juzi binti wa kidato cha tatu anayepanga chumba cha jirani hapa Lipangalala alinijia na karatasi ya jaribio la kemia. Alitaka nimweleweshe. Nikasoma swali la kwanza, nikasoma la pili, la tatu sikulifikia. Palikuwa pamechapwa SO42-, hivyo hivyo, herufi na namba zimepangwa mstari mmoja kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Salfeti yenye oksijeni arobaini na mbili! Na mwishoni kijistari, ambacho mtoto wa watu hawezi kujua kama ni chaji hasi, ni alama ya kuunganisha maneno, au ni uchafu wa printa.

"Dada, mbona unahema hivyo?" akaniuliza.

"Nani kachapa takataka hii?"

"Mwalimu mwenyewe. Ana kompyuta yake siku hizi."

Nilishika kalamu, nikazipandisha na kuzishusha namba zote, karatasi nzima, huku naongea peke yangu. Mwanangu, ambaye ana miaka sita na amerithi mdomo wangu, akasema, "Mama anagombana na karatasi." Kweli nilikuwa nagombana nayo. Lakini binti alipoondoka nilibaki nimekaa kwenye kigoda, hasira imepoa, na kilichoingia mahali pake kilikuwa hamu. Nilikikumbuka kiti changu.

Kilikuwa kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, ndani ya steshenari pale Kibaoni. Duka lenyewe halikuwa kubwa. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, mashine ya kulaminisha vyeti, kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti, na makasha ya rimu yamepangwa hadi dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Ikiwashwa tu, taa yetu ilififia na kioo cha kompyuta kilicheza, na mimi nilijua nina dakika moja ya kuhifadhi kazi kabla umeme haujakata shauri. Mpaka leo nikisikia mashine ya kukoboa ikianza kunguruma, vidole vyangu vinatafuta kitufe cha kuhifadhi. Nimo shambani Mchombe, mkononi nina jembe, lakini vidole vinatafuta.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyestaafu ukatibu muhtasi. Tulimwita Mama, sisi na wateja wote. Alikuwa amechapa kwa taipu enzi za stensili, na aliheshimu kazi ya kuchapa kama wengine wanavyoheshimu ndoa. Ukikosea neno moja alikwambia uanze ukurasa upya, hata kama kompyuta inaweza kulifuta kosa kwa sekunde. "Mkono ukizoea kufuta," alikuwa akisema, "kichwa kinaacha kuangalia."

Aliniajiri nikiwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kuchekwa, isipokuwa kemia. Kemia nilikuwa na C, na ile C niliipata katika shule ambayo maabara yake ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, akatoweka msimu ulipokwisha. Sina la zaidi la kumwandikia, ni kupoteza wino. Nilikwenda kwa Mama na cheti changu na tumbo langu. Akavitazama vyote viwili, akauliza, "Unaweza kukaa kitako siku nzima?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kaa."

Nikakaa miaka minne, mpaka walimu walipoanza kununua kompyuta zao na kazi ikaisha. Mwanangu alipozaliwa alilala kwenye kasha tupu la rimu chini ya meza, na mlio wa fotokopi ndio uliokuwa wimbo wake wa kulala. Umeme ukikatika, analia.

Mitihani ndiyo iliyotufanya tujulikane. Shule nyingi za huku bondeni zilileta kwetu, hata zile za njia ya Mlimba. Walimu waliandika kwa mkono, wakampa kondakta wa basi bahasha, sisi tukachapa, tukatoa nakala. Historia na Kiswahili zilikwenda kama maji. Hesabu ilisumbua kidogo. Kemia ilikuwa balaa, kwa sababu ya zile namba ndogo: nyingine zinakaa chini, nyingine juu, na chaji ya ayoni inataka kukaa juu ya namba iliyo chini, zote mbili zimeelekeana wima.

Mama alikuwa na dawa yake ya tangu enzi za taipu, akiiita kuacha nafasi. Ukifika kwenye fomula, unabonyeza nafasi mara sita au saba, unaendelea mbele. Ukurasa ukitoka, una mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kisha mwalimu anakuja na kalamu yake nyembamba, anasimama kaunta, anajaza fomula moja moja kwa mkono wake. Ndipo inapigwa fotokopi. Walimu wote walilijua hilo. Wengine walikuja na kalamu zao mfukoni kama daktari anayekuja na kipimo chake.

Mimi niligundua dawa nyingine kwa bahati. Nilikuwa nimembeba mtoto, akanyoosha mkono akabonyeza vitufe viwili pamoja, na katikati ya ukurasa kikatokea kiboksi cha kijivu kikisema niandike mlinganyo hapa. Nikaandika. Herufi zikalala upande, kama mpunga ulioangushwa na mvua. Nikacheka. Nilitumia wiki nzima kukifahamu kile kiboksi, kila wateja walipopungua. Nikajua kwamba kistari cha chini kinaishusha namba, na kikofia kinaipandisha. Unaandika SO, kistari, nne, kikofia, unafungua mabano, mbili, alama ya kutoa, unafunga mabano. Mpaka hapo ni fujo tupu, mtu akikuona atasema umekosea. Kisha unagusa kitufe cha nafasi mara moja, na fujo yote inajipanga yenyewe: mabano yanatoweka, nne inashuka, mbili na alama yake zinapanda juu ya kichwa chake. SO₄²⁻. Unabaki kuzisimamisha herufi zilizolala, maana salfa siyo herufi ya hesabu, inatakiwa isimame wima kama mtu mwenye heshima zake.

Niliharibu mara nyingi. Ukisahau kutoka juu kwa kitufe cha mshale, kila unachoandika kinabaki darini. Siku moja niliinua macho nikakuta swali zima la kupima asidi limepanda kwenye chaji ya kopa, yaani shaba, herufi ndogo kama sisimizi, na Mama nyuma yangu anasema, "Hao nao wanakwenda wapi?"

Lakini nilipoijua, niliijua. Sijui nielezeje raha ile. Nilikuwa msichana ambaye kila mtu alimwona ameharibika, shangazi zangu walinihesabu kama gunia lililotoboka. Halafu nakaa pale, nagusa kitufe kimoja, na kitu kigumu kinakaa mahali pake. Kila ayoni niliyoichapa niliisoma. Kila mlinganyo nilihesabu kushoto, nikahesabu kulia, kabla sijauacha. Hakuna aliyenituma. Ndiyo ilikuwa kemia yangu, iliyobaki.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja mzee wa kemia, ambaye ndiye aliyetunga mtihani wa pamoja wa shule za jirani. Alikuja kwa baiskeli, karatasi amezitia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya shati ili mvua isizifikie. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amekanyaga majivu. Alipoona ukurasa wa kwanza nilioutoa bila mapengo, aliusogeza mbali, akausogeza karibu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba." Akaugusa ukurasa kwa kidole kama anayepima kama rangi imekauka. "Nimefundisha tangu hujazaliwa, sijawahi kupata salfeti iliyokaa hivi."

Tangu hapo tukawa na utaratibu wetu. Kwa kuwa fomula ndizo zilizokula muda, aliniletea kwanza karatasi ya fomula peke yake, milinganyo mitupu, bila maswali. Mimi nikaichapa taratibu. Siku mbili tatu baadaye analeta maswali, na mimi nachukua kila mlinganyo nauingiza mahali pake. Siku moja, kwenye karatasi hiyo ya fomula, alikuwa ameisahau chaji ya naitreti. Nikaiweka. Nilipomwonyesha, alijipiga paji la uso.

"Umeniokoa, binti. Ukiona kitu, rekebisha."

Alisema hivyo. Alisema mbele ya Mama, aliyekuwa anakata picha za pasipoti. Nayaandika hapa kwa sababu baadaye kila mtu alijifanya hakusema.

Ikaja ile karatasi ya mtihani wa pamoja wa kidato cha nne. Milinganyo minne, mfululizo. Zinki na kopa, sawa. Magnesiamu na asidi, sawa. Fedha na kloridi, sawa. Wa nne ulikuwa wa alumini na kopa: Al + Cu²⁺ → Al³⁺ + Cu. Nikahesabu. Alumini moja kushoto, moja kulia. Kopa moja, moja. Jicho la haraka linapita. Lakini chaji! Kushoto mbili, kulia tatu. Haiwezekani. Nikatabasamu, nakumbuka kabisa nilitabasamu, nikasema mzee kachoka. Nikaweka mbili mbele ya alumini, tatu mbele ya kopa, huku na huku. Sita kwa sita. Ukapendeza. Nikahifadhi, nikaenda nyumbani.

Siku ya pili mtoto alichemka homa. Tulilala hospitali siku mbili, yeye na dripu, mimi kwenye mkeka chini ya kitanda. Maswali yaliletwa nikiwa huko. Mama akayachapa mwenyewe, akachukua milinganyo yangu akaibandika mahali pake. Mwalimu akaja kuhakiki. Alisoma maswali yote, Mama alinihadithia, akasahihisha hata nukta. Fomula hakuzitazama. Aliweka sahihi, zikatolewa nakala za shule zote.

Na swali lilisema, kwa Kiingereza cha mtihani, kwamba mlinganyo mmoja kati ya hii minne haujasawazishwa kwa chaji. Uutaje, ueleze kwa nini, kisha uusawazishe.

Minne. Yote sawa. Watoto wa shule zote walikaa wakitafuta kosa ambalo mimi nimeshalitoa.

Mwalimu alikuja mchana wa siku hiyo hiyo ya mtihani. Mtoto alikuwa amepona, mimi nimerudi kitini, na duka lilikuwa limejaa. Nikasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. Mtu mzima wa huku kwetu kuacha shikamoo yako ining'inie hewani! Nikajua kuna msiba. Akaibandika karatasi kwenye kaunta.

"Nani alikwambia usawazishe?"

"Usawazishe nini, mwalimu?"

"Alumini!"

Nikaitazama. "Si chaji zilikuwa hazilingani?"

"Nilijua hazilingani! Ndilo swali lenyewe!" Kijana mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaguna kicheko, akakimeza. "Mtoto ameninyooshea mkono, ananiambia mwalimu yote iko sawa. Nikamwambia kaa chini, fikiri. Nimemwambia fikiri! Mtoto mwenye akili kuliko wote darasani, nimemkalisha chini akihangaika na kitu ambacho hakipo. Na shule nyingine huko nani amewaambia?"

"Hukuweka alama kwamba ni kosa la makusudi."

"Niweke alama kwa nini? Wewe kazi yako kuchapa, si kufikiri!"

Hapo ndipo damu iliponipanda. Mtoto aliamka chini ya meza, sikumtazama.

"Ulisema mwenyewe nikiona kitu nirekebishe. Ulisema umesimama hapo hapo ulipo. Na mtihani umeuhakiki, sahihi hii ni ya nani? Ni yangu? Milinganyo ulikuwa huioni?"

"Sikuitazama kwa sababu nilikuamini!"

Nilimgeukia Mama, aliyekuwa na mkasi mkononi, nikangoja aseme, kwamba alisikia, kwamba ni kweli mzee alitamka. Mama akainama akaendelea kukata picha.

"Mwalimu," akasema hatimaye, sauti ya chini, "tusamehe. Tutalirekebisha."

Sikuomba radhi mimi. Nilivaa khanga, nikambeba mtoto.

Jioni ile Mama alinifuata nyumbani kwa baiskeli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakukaa. Alisema walimu wa shule zote watakutana, wataamua kama kazi ya mitihani ibaki kwetu au iende kwingine, na mpaka hapo nikae nyumbani.

"Mama, wewe ulimsikia aliposema nirekebishe."

"Nilimsikia."

"Mbona ukanyamaza?"

"Mteja hasutwi mbele ya watu, mwanangu. Hata akiwa mwongo. Na yule si mwongo, yule ni mzee aliyeaibika."

Nilimchukia siku tano nzima. Nilifua, nikapeta mchele, nikafua tena nguo zilizokuwa safi. Kitu kimoja tu kilinizunguka kichwani: kwamba kile kiti hakikuwa changu. Nilikuwa nimekaa pale kama mtu mwenye kazi yake, kumbe ni mahali pa kuazima, na sasa atakalishwa mwingine, msichana fulani mwenye kucha, atakayeandika SO42- huku anatafuna bigijii. Nisingepata kiti kingine, si kwa cheti kile. Ningerudi kulima na kuuza vitumbua, na milinganyo ningeiona tena siku mtoto wangu akifika kidato cha kwanza. Na katikati ya hasira hiyo, sauti moja ndogo iliendelea kusema: lakini mtoto yule aliyekalishwa chini, wewe ndiye uliyemkalisha.

Siku ya sita Mama akaniita. Kazi imebaki, akasema. Swali lile wamelifuta, maksi zake wamezigawa kwenye maswali mengine. Lakini walimu wametoa sharti, na yeye ameongeza lake. Fomula hazichapwi tena. Tunarudi kwenye kuacha nafasi, na mwalimu atakuja kujaza kwa mkono wake mwenyewe. Hilo la walimu. La Mama likawa hili:

"Akija kujaza, wewe huna macho. Neno moja tu la kemia kutoka kinywani mwako, kiti hicho nampa mwingine. Sitanii. Nina watoto wanaosoma kwa kazi hii."

Nikasema sawa.

Muhula uliofuata nikachapa mtihani wa kemia wa kidato cha tatu wenye mapengo. Sijawahi kuchapa kitu kibaya kiasi kile. Nilibonyeza nafasi saba, nikaendelea. Nafasi saba, nikaendelea. Kile kiboksi nilikijua kiko wapi, umbali wa vidole viwili, na sikukigusa. Ukurasa ukatoka na mdomo wake wa mapengo. Nikauweka kaunta bila kuutazama.

Mwalimu akaja asubuhi, mvua imepita, suruali imekunjwa mpaka kwenye mashavu ya miguu. Nikamwamkia. Safari hii akaitika, lakini kwa kuiambia kaunta. Akavaa miwani, akatoa kalamu, akaanza kujaza. Mimi nilikuwa nalaminisha cheti cha ubatizo cha mtu. Mama alikuwa upande wa pili anahesabu rimu.

Mkono wake ulitetemeka. Zamani sikuwahi kuuona ukitetemeka, labda kwa sababu zamani aliandika kwake, ametulia. Alijaza ukurasa wa kwanza. Alijaza wa pili. Nilikuwa nimeapa kutotazama, na ningeapa tena hata sasa, lakini ukurasa ulikuwa pale, mbele ya pua yangu, na mtu akishajua kuhesabu chaji hawezi kujifanya hajui. Swali la kuondoa salfeti kwenye maji. Kwenye pengo la kwanza alikuwa ameandika Ba⁺.

Moja tu. Bariamu ina mbili. Hata aliyefeli anajua: salfeti ina mbili, bariamu moja inaitosha, mashapo meupe, ndivyo tulivyokariri.

Nikarudi kwenye cheti cha ubatizo. Nikakipitisha kwenye mashine. Nikasema moyoni, kazi yako kuchapa, si kufikiri. Labda ni makusudi, ndilo swali lenyewe. Ukifungua mdomo na ni makusudi, umekwisha. Ukifungua mdomo na si makusudi, Mama amesema neno moja tu. Na ukinyamaza, hakuna atakayejua. Watoto watahangaika, watafuta, wataandika, watafuta tena, na aibu itakuwa ya kalamu yake, si yako. Nilitamani aibu hiyo impate. Nasema kweli, niliitamani. Alikwishafika kwenye ukurasa wa tatu.

"Mwalimu," nikasema.

Mama akaacha kuhesabu rimu. Nililiona jicho lake hata bila kugeuka.

"Sema," mwalimu akajibu.

"Sirekebishi kitu. Nauliza tu. Hii hapa, umeikusudia?"

"Ipi?"

"Bariamu."

Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akainama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lililolowa, ikazidi kuchafuka, akaivaa tena. Akakaa akiitazama ile plasi moja muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko zile siku tano za nyumbani. Wala hakunitazama mimi, alimtazama Mama, kama anayetaka kujua nani mwingine ameona.

"Hapana," akasema.

Akaomba wino mweupe wa kufutia. Mama akampa. Akapaka, wino ukamwagikia mpaka kwenye salfeti. Akapuliza. Akaandika juu yake kabla haujakauka, kalamu ikachimba, pakawa na doa jeusi katikati ya doa jeupe. Fotokopi ingelitoa kama funza. Akajaribu kulikwangua kwa ukucha.

"Ah!" akasema, akaitupa kalamu kaunta. Ikabiringika, ikaanguka upande wangu. Nikaiokota, nikamrudishia. Hakuipokea.

"Chapa," akasema.

"Nichape nini, mwalimu?"

"Fomula. Zote. Kama zamani."

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika rimu kifuani kama mtoto mchanga. Akasema, si kwangu, kwa mwalimu, "Sharti lilikuwa lenu."

"Nitawaambia wenzangu mimi mwenyewe."

"Basi." Akaiweka rimu chini. "Mvutie mwalimu kiti."

Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Kama kuna aliyetegemea tukumbatiane, duka la watu wazima halina mambo hayo. Alikaa pembeni yangu, magoti yake yamegusa meza, ananuka mvua na chaki, na karatasi zake za mkono akaziweka mapajani. Nikafungua kiboksi cha kwanza. Vidole vilikuwa vimekaza kidogo kwa kukaa muda bila kazi hiyo, halafu vikalegea. Nikagusa nafasi na bariamu ikakaa na mbili yake juu. Akatoa sauti ya puani.

Tukaenda hivyo, pengo baada ya pengo. Nilihesabu kushoto, nikahesabu kulia, kwa sauti sasa, na palipolingana sikusema kitu. Palipokataa niliondoa mikono kwenye kibodi, nikaiweka mapajani ili aione.

"Hii ya risasi na ayodini. Kulia umeweka ayodini mbili, kushoto moja."

"Weka mbili kushoto. Nimeghafilika."

"Hii je? Kaboneti na asidi."

"Iko sawa hiyo. Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Ilikuwa sawa.

"Na hii? Chuma ina tatu, haidroksidi umeiweka moja tu, halafu huku umeandika tatu kwenye mabano. Niweke tatu na huku mbele?"

Akainamia kioo, akasoma, na kwa mara ya kwanza tangu lile balaa nikaona meno yake.

"Hiyo iache," akasema. "Waache wakahangaike nayo."